Kola, kidonge au kipandikizi? Kuchagua kifaa cha kurekodi joto na mwendo wa mnyama wa porini

Kabla hujafungua katalogi ya mtengenezaji yeyote, jibu swali moja: huyu mnyama utamkamata tena? Jibu lake litaondoa nusu ya vifaa mezani. Vifaa vinavyopima joto la ndani ya mwili kwa usahihi, tena kwa bei ambayo mwanafunzi wa uzamili anaweza kuimudu, karibu vyote huhifadhi takwimu ndani ya kifaa chenyewe. Usipompata mnyama mara ya pili, au usipoupata mzoga wake, huna kitu. Vile vinavyorusha takwimu hewani ama ni ghali, ama vinapima kitu kingine kabisa, ama vinakulazimisha umfuate mnyama usiku kucha na antena mkononi.

Nalinganisha hapa njia zinazotumika kweli kwa mamalia wa porini, nikimfikiria mtu wa Chuo cha Wanyamapori Mweka, Chuo Kikuu cha Sokoine (SUA) au Chuo Kikuu cha Nairobi anayeandaa pendekezo la utafiti na fedha zisizotosha. Sitazipa njia zote nafasi sawa, maana hazistahili nafasi sawa.

Kwa nini joto na mwendo vipimwe pamoja

Kwa miongo kadhaa ilisimuliwa kwamba duma huacha kumfukuza swala kwa sababu mwili wake umechemka. Chanzo ni jaribio la C. Richard Taylor na V. J. Rowntree lililochapishwa mwaka 1973. Duma walikimbizwa juu ya mkanda wa mashine maabara, na joto la mwili lilipovuka nyuzi 40 walikataa kuendelea. Mwaka 2013 Robyn Hetem na wenzake wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand walichapisha matokeo ya duma wa Namibia waliopandikizwa vipimajoto na vipimamwendo mwilini, kisha wakaachwa wawinde wenyewe. Kipimamwendo kilionyesha ni dakika gani hasa mbio zilitokea. Mbio zilipokwisha joto la mwili lilikuwa wastani wa nyuzi 38.4 tu, la kawaida kabisa. Lilipanda baadaye, duma akiwa amepumzika: kwa takriban nyuzi 1.3 pale alipoua, na nyuzi 0.5 pale alipokosa. Mbio zilikuwa za aina ileile, lakini joto likawa tofauti. Watafiti walieleza kwamba duma mwenye nyama hukaa roho juu, akihofia wakubwa zaidi yake watakaokuja kumpokonya.

Sasa fikiria kama wangekuwa na kipimajoto peke yake. Wangeona mchoro unaopanda mchana, wangeandika kwamba duma alikimbia akapata joto, na hadithi ya mwaka 1973 ingethibitishwa upya.

Mfano wa pili ni wa muhanga. Kule Tswalu, katika Kalahari ya Afrika Kusini, Benjamin Rey na wenzake, pia wa Witwatersrand, walikuwa wakiwafuatilia muhanga sita wakati kiangazi kikali cha 2012 na 2013 kilipopiga. Watano walikufa. Vipandikizi vilionyesha mambo mawili yakienda pamoja. Joto la mwili lilikuwa likishuka kila usiku, hadi kufikia karibu nyuzi 25 kwa waliokuwa mahututi, na muhanga, mnyama wa usiku tangu azaliwe, alianza kutoka mchana. Hakukuwa na mchwa na sisimizi wa kumtosha, hivyo hakuwa na nguvu za kujipasha moto usiku, akalazimika kutafuta chakula jua likiwaka. Kila mchoro ukiusoma peke yake ni fumbo. Ukiiweka yote miwili kwenye karatasi moja unaona mnyama anayekufa njaa, na unamwona kabla hajafa.

Ndiyo maana ushauri wangu huanzia hapa: kama bajeti ni ndogo, ni afadhali wanyama wachache wenye vipimo vyote viwili kuliko wengi wenye kimoja.

Kola ina kipimajoto, lakini kinapima nini?

Kola nyingi za GPS (mikanda ya shingoni) zinazouzwa siku hizi zina kipimajoto ndani ya kisanduku cha betri. Takwimu zake zinakuja bure pamoja na mahali mnyama alipo, kwa hiyo vishawishi ni vikubwa. Kataa. Kipimajoto hicho kinasoma joto la plastiki iliyochomwa na jua upande mmoja na kuguswa na manyoya upande wa pili. Nyumbu akihama kutoka mbugani kwenda chini ya mgunga, mchoro utashuka ghafla ilhali mwili wake haujabadilika hata kidogo.

Hilo halina maana kwamba kipimo hicho ni takataka. Kinaeleza mnyama amechagua kukaa mahali pa namna gani, penye jua au kivuli, upepo au shimo. Hetem na wenzake walitumia kola zenye kijitufe cheusi kidogo kwa kazi hiyohiyo: kupima joto linalomkabili mnyama pale alipo, si joto lake. Ukiweka tufe hilo kwenye kola na loga (kifaa kinachopima na kuhifadhi takwimu ndani yake) tumboni, unapata pande zote mbili za hadithi, yaani jua lilimfanya nini na yeye alijitetea vipi.

Tena kuna wanyama ambao kola inawatosha. Kathrin Dausmann na wenzake walipowachunguza lemuri wadogo wa mkia mnene huko Madagaska, matokeo yakachapishwa mwaka 2004, kipimajoto kilikaa nje ya mwili, kikigusa ngozi. Lemuri hao hulala ndani ya mapango ya miti kwa takriban miezi saba, wamejikunja, na miili yao huruhusu joto lipande na kushuka na joto la pango. Kwenye pango la mti mwembamba badiliko hilo lilikaribia nyuzi 20 kwa siku moja. Unapotafuta badiliko kubwa hivyo, kosa la nyuzi moja au mbili halikuumizi.

Linganisha na choroa wa Uarabuni. Stéphane Ostrowski na wenzake, kwenye utafiti uliochapishwa mwaka 2003, waliona kwamba choroa wa porini Saudi Arabia joto lao la mwili hupanda na kushuka wastani wa nyuzi 4.1 kwa siku wakati wa joto kali, na nyuzi 1.5 wakati wa baridi. Hoja yote ya namna choroa anavyobana maji imo ndani ya tofauti ya nyuzi mbili na nusu. Kola ingeimeza tofauti hiyo yote bila kuacha alama. Basi jiulize badiliko unalolitafuta ni la ukubwa gani, halafu uone kama kifaa chako kinaliona.

Kwa msomaji wa Kenya, mtiririko huu una mizizi ya nyumbani. Taylor huyohuyo wa duma alifanya kazi Muguga mwishoni mwa miaka ya 1960, akiwaweka pofu na choroa kwenye chumba cha joto, na choroa wake walivumilia joto la mwili lililovuka nyuzi 45. Kazi ile bado ni nzuri. Lakini mnyama wa chumbani hana kivuli cha kukimbilia wala hiari ya kulisha usiku, na ni kwa sababu hiyo vipandikizi vilihitajika.

Tumboni au chini ya ngozi

Mahali pazuri zaidi pa kipimajoto ni ndani ya tumbo, kikielea kati ya matumbo au kikiwa kimeshonwa kwenye ukuta wa ndani. Hapo joto ni tulivu na linawakilisha mwili mzima. Chini ya ngozi ni rahisi zaidi kwa daktari na salama zaidi kwa mnyama, lakini utapata joto la chini kidogo, linaloyumba na upepo, mvua na upande ambao mnyama amelalia.

Bei yake si loga, ni upasuaji. Unahitaji daktari wa wanyamapori mwenye kibali cha dawa kali za usingizi, gari la pili, hema safi au banda, dawa za kuua vijidudu, uzi, antibiotiki, na mtu wa kukaa na mnyama mpaka asimame. Kisha unayarudia yote siku ya kuitoa. Kwa utafiti wa miezi mitatu juu ya mnyama mkubwa, mimi nisingempasua. Kwa utafiti wa mwaka mzima unaovuka masika na kiangazi, upasuaji unaanza kujilipa, kwa sababu hakuna kifaa kingine kitakachokupa mchoro wa mwaka usiokatika.

Tumbili wa Karoo, Afrika Kusini, ni ushahidi wa faida yake. Richard McFarland na wenzake walionyesha mwaka 2015 kwamba tumbili mwenye marafiki wengi zaidi wa kukaa nao hapoi sana usiku wa baridi kama mpweke. Ni tofauti ndogo ya nyuzi, iliyoonekana kwa sababu loga zilikuwa ndani ya miili na ziliandika mfululizo.

Kifungo cha chuma na mshindani wake

Loga iliyofungua mlango kwa watafiti wasio na fedha ni iButton. Ni kidude cha chuma cha pua, kipenyo cha milimita 17 na unene wa milimita 6, mfano wa kifungo cha koti, uzito wa gramu 3 na kitu. Kilitengenezwa kwa kufuatilia mizigo ya baridi na dawa, si wanyama, na hiyo ndiyo sababu ya bei yake kuwa makumi ya dola tu.

Toleo linalotumika sana, DS1922L, lina kumbukumbu ya vipimo 8,192 ukikubali hatua za nusu nyuzi, au 4,096 ukitaka hatua ndogo za nyuzi 0.0625. Kwa joto la mwili utataka hatua ndogo, kwa hiyo piga hesabu na 4,096. Ukipima kila dakika 10 ni vipimo 144 kwa siku, na kumbukumbu itajaa baada ya siku 28. Ukipima kila saa utapata siku 170, zaidi kidogo ya miezi mitano na nusu. Hakuna njia ya mkato hapa. Betri imefungwa ndani na haibadilishwi.

Haiwezi kuingia mwilini ikiwa tupu. Huchovywa kwenye nta, kwa kawaida parafini iliyochanganywa na Elvax, aina ya plastiki laini, ili isipasuke, mara mbili au tatu, mpaka ukingo wote ufunikwe. Usiitie kwenye mashine ya mvuke ya kuchemshia vyombo vya upasuaji. Kifaa kinavumilia hadi nyuzi 85, na mvuke ule unafika 121, hivyo utaua loga na kuyeyusha nta kwa mpigo mmoja. Hutakaswa kwa gesi au kwa kulowekwa kwenye dawa, kisha kusuuzwa kwa maji safi yaliyotakaswa. Kwa mnyama mdogo kuna ufundi wa Barry Lovegrove wa Afrika Kusini, alioueleza mwaka 2009: kulivua ganda la chuma na kubaki na saketi na betri, uzito ukashuka chini ya nusu. Ni kazi ya mkono uliotulia, na ukishavua ganda dhamana imekwisha.

Mshindani wake ni loga zilizotengenezwa kwa ajili ya wanyama tangu mwanzo, kama zile za Star-Oddi ya Iceland. Ndogo yao ina uzito wa gramu 1.3 hivi, ni kijiti laini kinachoingia mwilini bila nta, kina kumbukumbu kubwa zaidi, na kimelinganishwa na kipimajoto cha uhakika kiwandani. Kampuni hiyohiyo hutengeneza pia loga kubwa kidogo zinazopima mapigo ya moyo na mwendo pamoja na joto. Bei ni mara kadhaa ya kifungo. Kama una wanyama watano na upasuaji mmoja unagharimu kuliko loga zote, usibanie hapa. Kama una panya buku 40 wa kukamata na mitego, kifungo kinashinda waziwazi.

Vyovyote utakavyochagua, pima vipimajoto vyako mwenyewe kabla ya kuvipandikiza. Zitie loga zote kwenye mfuko mmoja wa plastiki, uzamishe kwenye beseni la maji lenye kukoroga na kutunza joto, pamoja na kipimajoto chenye cheti cha maabara ya vipimo ya TBS au KEBS, mashirika ya viwango ya Tanzania na Kenya. Anza nyuzi 32, panda kwa hatua ya nyuzi mbili hadi 44, na kila hatua usubiri nusu saa mpaka maji yatulie. Utaona kwamba vifungo viwili vya boksi moja vinaweza kutofautiana kwa zaidi ya nusu nyuzi, na mtengenezaji mwenyewe anaruhusu kosa la nusu nyuzi juu au chini. Rudia zoezi lilelile vikitoka mwilini. Usipofanya hivyo, tofauti kati ya dume na jike kwenye matokeo yako inaweza kuwa tofauti kati ya kifungo namba 7 na kifungo namba 12.

Wadogo: popo, komba, panya

Kanuni ya zamani inasema kifaa kisizidi asilimia 5 ya uzito wa mnyama, na kamati nyingi za maadili sasa zinataka 3. Popo wa gramu 20 anaruhusiwa gramu 1 kwa kanuni ya kwanza na 0.6 kwa ya pili. Kifungo kimeshatoka mchezoni. Vinabaki vifaa viwili.

Transmita ya redio hubandikwa kwa gundi mgongoni baada ya kunyoa manyoya. Mlio wake hubadilika na joto: tip, tip, tip polepole ngozi ikipoa, haraka ikipata moto. Unapata joto la ngozi, si la ndani, lakini kwa popo anayeuzima mwili mchana ili kubana matumizi linatosha kabisa kuonyesha saa aliyopoa na saa aliyoamka. Gundi huachia baada ya wiki moja au mbili, kwa hiyo ni njia ya msimu mfupi. Na inahitaji mtu au mtambo wa kupokea karibu na pango muda wote.

Chipu ya joto ya kudungwa kwa sindano ni jambo tofauti. Ina urefu wa milimita 13, haina betri, na hudumu maisha yote ya mnyama. Husomwa pale tu inapopita sentimita chache kutoka kwa kisomaji. Watu huiona hii kama kasoro, mimi naiona kama fursa kwa wanyama wa shimo. Zungusha antena ya kisomaji kwenye mdomo wa shimo la panya buku au tundu la komba, na kila akitoka au kuingia unapata joto lake na saa yake. Kutoka na kuingia kwenyewe ni rekodi ya shughuli zake. Huna mchoro usiokatika, lakini una mnyama yuleyule mwaka wa kwanza na wa tatu bila kumkamata tena.

Kidonge

Kwa wanaocheua kuna kidonge kizito kinachosukumwa kooni na kutulia kwenye mojawapo ya matumbo yao. Hakuna kisu, na matoleo mengine hutuma takwimu kwenye kola, ambayo huzirusha kwa setilaiti. Tatizo ni kwamba tumbo la kucheulia lina joto lake kutokana na uchachukaji, na mnyama akinywa maji mchoro unaporomoka kwa nyuzi kadhaa kisha kupanda taratibu. Anayetaka joto la mwili ataudhika. Anayetaka kujua pofu alikunywa maji mara ngapi wiki hii amepata hazina. Kwa tembo kidonge hupita na kutoka kwenye kinyesi, kwa hiyo kinafaa wale wa kufugwa ambao mtu anaweza kukagua mavi yao kila siku.

Mwendo: hesabu au mawimbi?

Kipimamwendo, yaani aksilerometa, huja kwa namna mbili. Ya kwanza hujumlisha mtikisiko wa kila dakika 5 kuwa namba moja, vipimo 288 kwa siku, na betri hudumu. Ya pili huandika mawimbi yenyewe, mathalani mara 40 kwa sekunde katika pande tatu. Hivyo ni vipimo 10,368,000 kwa siku kwa mnyama mmoja. Utajua anatembea, anakula, anajikuna au ananyonyesha, na utahitaji kompyuta nzuri, mtu wa kuandika programu, na video za mnyama akiwa amevaa kola ili uifundishe programu mawimbi gani ni ya nini. Rory Wilson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Swansea walionyesha mwaka 2006 kwamba jumla ya mtikisiko wa mwili inaweza kutumika kukadiria nguvu anazotumia mnyama, na tangu hapo mawimbi yamekuwa na mvuto mkubwa.

Usivutwe bila sababu. Kama swali ni "anashughulika mchana au usiku, na joto likizidi anapunguza?", namba za dakika 5 zinatosha. Rosie Woodroffe na wenzake walitumia kola za mbwa mwitu kuonyesha kwamba siku za joto mbwa hushughulika kidogo, na takwimu za makundi ya Kenya, Botswana na Zimbabwe zilionyesha kuwa watoto wanaokua hupungua makundi yakizaa wakati wa joto. Lakini kama swali ni usingizi, mawimbi yanalipa. Nyani wa Mpala, Laikipia, waliovishwa kola mwaka 2012, walisomwa usiku kwa usiku kwa mawimbi hayo, ikaonekana kwamba hulala kidogo wakiwa kwenye mti wasiouzoea na wakiwa wamezungukwa na wenzao wengi.

Mahali pa kipimamwendo nako kuna maneno. Kola ikilegea inayumba, na mnyama aliyeinamisha shingo kula huonekana kama anatembea. Nadia Gravett, Paul Manger na wenzao walilitatua hilo kwa tembo wawili wa Chobe, Botswana, kwa kupandikiza kipimamwendo ndani ya mkonga, kiungo ambacho tembo aliye macho hakitulizi kwa muda. Mkonga ukitulia dakika 5 au zaidi, wakahesabu kuwa amelala. Matokeo ya mwaka 2017: wastani wa saa mbili za usingizi kwa siku, na mara nyingine saa 46 bila kulala.

Na je, kamera za mitego, zinazojipiga zenyewe mnyama akipita? Mradi wa Snapshot Serengeti ulianza mwaka 2010 na kutandaza kamera 225. Kamera za namna hiyo zinaonyesha vizuri spishi fulani hutembea saa ngapi, bila kumgusa mnyama. Hazikwambii mengi juu ya mnyama mmoja mmoja, wala joto la mwili wake. Kama huna kibali cha kukamata, anzia hapo.

Kwa jicho moja

| Njia | Joto la nini | Mwendo | Lazima umkamate tena? | Gharama kubwa iko wapi |
|---|---|---|---|---|
| iButton tumboni | La ndani | Hapana | Ndiyo | Upasuaji mara mbili |
| Loga ya wanyama tumboni | La ndani | Baadhi ya matoleo | Ndiyo | Upasuaji na kifaa |
| Kola ya GPS | La mazingira yake | Ndiyo | Si lazima, ikiwa inarusha takwimu na kujifungua | Kifaa na setilaiti |
| Transmita ya gundi | La ngozi | Kidogo | Hapana | Watu wa kusikiliza |
| Chipu ya sindano | La chini ya ngozi | Kupita tu mlangoni | Hapana | Kisomaji na umeme wake |
| Kidonge | La tumbo la kucheulia | Hapana | Hapana, ikiwa kinarusha | Kifaa na kola yake |

Saa, saa, saa

Vifaa viwili mwilini ni saa mbili. Saa ya kifungo inaruhusiwa kupotea hadi dakika 2 kwa mwezi, kwa hiyo baada ya mwaka inaweza kuwa imeachana na ya kola kwa karibu nusu saa. Kwa muhanga si neno. Kwa duma anayekimbia chini ya dakika moja, umepoteza mbio zote. Andika saa ya kila kifaa dhidi ya saa ya GPS siku ya kuweka na siku ya kutoa, na usambaze tofauti hiyo kwenye takwimu.

Kuna na mtego wetu wenyewe. Kola huandika saa za dunia, ambazo ziko nyuma ya zetu kwa saa tatu. Loga huandika saa ya kompyuta iliyoiwasha. Msaidizi wa uwandani huandika "alilala saa 5" kwenye daftari, na miezi sita baadaye hakuna anayejua kama ni saa tano za usiku kwa kuhesabu kwetu au 05:00 ya alfajiri. Chagueni mfumo mmoja siku ya kwanza na muuandike kwenye jalada la kila daftari.

Ningechagua nini

Panya buku, nungunungu au nguchiro unaoweza kuwatega tena: kifungo tumboni, kila nusu saa, kwa siku 85, na chipu ya sindano kwa ajili ya utambulisho. Uzito si tatizo kwa mnyama wa kilo moja na zaidi.

Popo: transmita ya gundi. Usifikirie zaidi.

Swala, choroa, ngiri, muhanga, na una mwaka mzima na daktari: loga ya wanyama tumboni, kola yenye kipimamwendo cha dakika 5, na tufe jeusi kama fedha zinaruhusu. Ukikosa fedha za daktari wa mara ya pili, acha tumbo. Baki na kola, na ubadilishe swali la utafiti badala ya kulazimisha kipimajoto cha kola kijibu kisichokijua.

Tembo na simba: kola na mawimbi. Kumpasua mnyama wa namna hiyo kunahitaji sababu ambayo kamati itaielewa bila wewe kuirefusha.

Vibali vianze mapema kuliko ununuzi. Tanzania ni COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia) na TAWIRI (taasisi ya utafiti wa wanyamapori), kisha mwenye eneo: TANAPA (hifadhi za taifa), NCAA (Ngorongoro) au TAWA (mamlaka ya wanyamapori). Kenya ni NACOSTI (tume ya sayansi), WRTI (taasisi ya utafiti wa wanyamapori) na KWS (shirika la wanyamapori). Transmita yoyote ni kifaa cha redio, kwa hiyo waulize TCRA, au mamlaka ya mawasiliano ya Kenya, juu ya masafa kabla mzigo haujafika bandarini.

Na jambo moja linalosahaulika kwenye oda. Mwombe mtengenezaji achonge kwenye kola, na wewe uchonge kwenye loga kabla ya nta, maneno haya kwa Kiswahili: "Kifaa cha utafiti. Hakina thamani ya kuuzwa. Ukikiokota piga simu," pamoja na namba itakayokuwa hewani miaka miwili ijayo na ahadi ya zawadi. Atakayeukuta mzoga ni mchungaji au askari wa doria, na kola nyingi huja na maandishi ya Kiingereza na namba ya simu ya Ulaya.